Kabla Sijafika kwenye Ila

Watu wakiniuliza nilipotezaje kazi yangu kule Kista, Stockholm, huwajibu kwa ufupi: niliulizwa habari, nikasema nzuri. Wa kwetu hucheka kwanza, kisha hunyamaza, maana kila mmoja anajiona palepale. Waswidi hawacheki. Wao huuliza, "Kwani haikuwa nzuri?"

Ilikuwa miaka ya themanini, mwezi wa pili, theluji imekaa barabarani mpaka imekuwa ya kijivu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na deni la nyumba lenye miezi sita. Nayataja pamoja kwa sababu kichwani mwangu yalikuwa yanakaa pamoja. Hata kichefuchefu cha asubuhi sikujua nikipeleke kwa mtoto au kwa benki.

Nyumba yenyewe ilikuwa Rissne, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu na roshani inayotazamana na roshani za wenzetu. Mtaa ulikuwa mpya, bado una matope ya ujenzi. Nasema tuliinunua, lakini mpaka leo sina hakika tulinunua nini. Kuta ni mali ya chama cha wakazi. Chama ni sisi wenyewe tunaokaa humo. Kila mwezi tunakilipa chama ada ya kukaa kwetu, halafu tunailipa benki deni la kuturuhusu kukilipa chama. Siku moja nilimwuliza mwenyekiti, mzee mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata mkutanoni, kilicho changu hasa ni kipi. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, akasema, "Haki ya kukaa." Nikapanda ngazi, nikasimama juu ya ile haki na kuitazama. Ilikuwa na zulia la kahawia na bomba la jikoni linalodondosha.

Mume wangu hakuitaka. Yeye ni Mganda; alikimbia kwao akiwa mwalimu wa hesabu, akakaa Nairobi miaka kadhaa, ndiko alikookotea Kiswahili chake, akaishia Stockholm akisukuma viti vya magurudumu katika nyumba ya wazee. Mimi ni wa Tanga. Nilikuja kwa mafunzo ya ufundi ya miaka miwili, nikapitiliza. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, ingawa changu na chake havifanani, na kila mmoja wetu anaamini mwenzake ndiye anayekiharibu. Tangu nimjue alikuwa akisema mwakani atakuwa kwao. Basi serikali ya kwao ikabadilika, na hiyo mwakani ikafika. Wenzake wakaanza kurudi mmoja mmoja. Tuliwasindikiza uwanja wa ndege na maredio yao makubwa, wamevaa makoti ambayo wasingeyahitaji tena.

Katikati ya kusindikiza huko ndipo nilipomshika kwa maneno kuhusu nyumba. Nilikuwa na sababu zangu. Tulikuwa tumepanga chumba Akalla kwa mtu ambaye naye amepanga kwa mtu, na mwenye mkataba akitaka chumba chake anakupigia simu Ijumaa, Jumatatu uko nje na masufuria. Alishatufanyia hivyo mara moja, tukalala kwa marafiki wiki tatu. Nikasema sizai katika hali hiyo. Wakati huo hata mimba sikuwa nayo, lakini nilisema hivyo kama mwenye hati mkononi. Mume wangu alichoka kunisikia. Akaja benki akaweka sahihi, sura yake ni ya mtu anayemsindikiza mwenzake sokoni.

Sasa huko kazini. Nilikuwa nalehemu bodi za simu, vipande vidogo vidogo kama mbegu za nyanya, unaviweka kwa koleo chini ya kioo cha kukuzia. Nilikuwa hodari, nasema mwenyewe. Uvumi ulikuwa umeanza kwamba kampuni itahamishia bodi zile kiwanda kingine huko kusini, na kwamba sisi wengine tutapunguzwa. Kwa kawaida wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, lakini kampuni na chama cha wafanyakazi walikuwa wakijadiliana orodha, na ndani ya majadiliano kulikuwa na nafasi ya kumtazama mtu na hali yake. Ndiyo maana mwakilishi wetu wa chama akaanza kupita benchi moja baada ya jingine.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, anavaa mitalawanda ya mbao kazini, unamsikia anakuja tangu mlango wa pili. Akavuta kigoda akakaa karibu yangu, daftari gotini. Akaniuliza, "Habari zako? Mambo ya nyumbani yakoje?"

Nikasema, "Nzuri tu. Hakuna shida."

Naomba nieleweke. Ningejibu nini? Kwetu mtu hata akiwa ametoka makaburini, ukimwuliza hali anasema salama. Unauliza ya nyumbani, anasema nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunashukuru. Ukishazungushwa hivyo, mmekwisha kutazamana usoni, ndipo anapumua na kusema, "Ila tu..." Na baada ya hiyo ila ndipo dunia nzima inapomwagika: kafiwa, kafukuzwa, nyumba imeungua. Kuanza na shida ni utovu wa adabu, ni kumvamia mtu. Mwenye malezi anangoja kuulizwa mara ya pili, na ya tatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuipanga ila yangu. Ilikuwa tayari ulimini: ila nina mimba, bwana, na tumekopa nyumba, na mshahara wa mume wangu peke yake hautoshi hata kwa miezi miwili.

Yule bwana akaandika kitu kifupi, akanishukuru kwa tabasamu zuri, akainuka na mitalawanda yake kwenda benchi linalofuata.

Nilibaki na koleo hewani. Nikajiambia atarudi, hawezi kuwa amemaliza. Na mimba yenyewe hakuna aliyeijua pale. Mama alikuwa ameniandikia kutoka Tanga, nisitangaze, tumbo litajisema lenyewe wakati wake. Nami nilikuwa nimejifunga ndani ya koti la kazi la saizi ya mwanamume. Kwa hiyo mbele ya macho yake nilikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye afya, asiye na shida yoyote. Hakurudi.

Baada ya wiki tatu nikaitwa kwenye chumba kidogo chenye mishumaa mezani. Kulikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini. Mimi mikate ile naipenda sana, nikala miwili kabla sijajua nimeitiwa nini. Msimamizi akanipa barua. Nikaisoma mara tatu. Kiswidi changu cha kazini kilitosha kwa skrubu na waya, hakikutosha kwa barua ile. Akanisaidia kwa sauti ya upole: kazi yangu ingekwisha mwezi wa saba. Mtoto naye angekuja mwezi wa saba.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumbani wananijua. Nilitoka pale nikamtafuta yule mwakilishi, nikamkuta chumba cha chakula anakunywa maziwa. Nikamwuliza imekuwaje nimo kwenye orodha na mimi nina mimba na deni la nyumba. Akaweka glasi chini, akaniangalia tumboni, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Una mimba?" akasema. "Lakini nilikuuliza."

Akatoa daftari. Akafungua ukurasa, akanionyesha, si kwa ubaya, bali kama mtu anayetafuta naye kuelewa. Mbele ya jina langu yalikuwa maneno mawili ya Kiswidi: *inga problem*. Hakuna shida. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kabla yangu, kwa mwenzangu Mfini wa benchi la pili, alikuwa ameandika ukurasa mzima: mgongo, talaka, mama mgonjwa, paka. Mfini alibaki kazini.

"Ulipaswa kurudi ukaniuliza tena," nikamwambia.

"Kwa nini niulize tena," akasema, "wakati umeshanijibu?"

Nilitaka kugombana. Nilitafuta pa kuanzia nikapakosa. Alikuwa na macho ya mtu aliyeumia. Akasema majadiliano yamefungwa, sahihi zimewekwa, akimwondoa mtu mmoja atalazimika kumwingiza mwingine, na akaniuliza ningetaka awe nani. Nikatazama meza za chumba kile. Kila mtu anatafuna. Nikaondoka, na mpaka Västra Skogen ninapobadilisha treni nilikuwa bado namjibu kichwani, kwa Kiswahili.

Wiki iliyofuata nikazunguka maofisi, na kila nilipotoka nilielewa kidogo zaidi ya nilivyoingia, au kidogo pungufu, sijui. Ofisi ya bima walisema pesa ya uzazi nitapata, inakadiriwa kwa mshahara wangu, lakini pindi kazi ikiisha lazima siku ileile niwe nimejiandikisha ofisi ya kazi, la sivyo mshahara wangu utahesabiwa kuwa si kitu. Ofisi ya kazi walinitazama tumbo, mwezi huo limeshajisema, wakaniuliza kama niko tayari kuanza kazi mara moja. Nikasema najiandikisha kutafuta kazi ili nilipwe kwa kutofanya kazi. Yule dada akasema, "Ndiyo, hasa," akafurahi kwamba nimeelewa. Wote walikuwa wema. Laiti mmoja wao angenifokea ningejua nimesimama wapi.

Nyumbani sikuwa nimesema. Nilikuwa naogopa, wala si mume wangu niliyekuwa namwogopa. Nilijua nyumba ile ndiyo kitu pekee kilichomfunga hapa, na niliyemfunga ni mimi. Nikisema kazi imekwisha atasema tuuze, na tukiuza hatutatafuta nyingine. Tutakwenda. Yeye atakuwa anarudi kwao. Mimi nitakuwa nahamia ugenini kwa mara ya pili, na mtoto mgongoni, kwenye mji ambao sijui hata nazi inauzwa wapi.

Nilimwambia Jumamosi, chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, zamu yetu ikiwa saa nne mpaka saa saba. Tulikuwa tunakunja shuka, yeye ncha zile, mimi ncha hizi. Nikamweleza yote mpaka daftari.

Akasimama na shuka mkononi. "Alikuuliza aje? Sema vile alisema."

Nikarudia. Habari zako, mambo ya nyumbani yakoje.

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema nzuri tu, hakuna shida."

Basi akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu cha nguo, machozi yanamtoka. Nikakasirika, nikamtupia foronya. Lakini yeye ni Mganda. Kwao watu husalimiana mpaka wakapishana, na bado wanaitikiana kwa kuguna huku kila mmoja yuko mbali na njia yake. Katika Stockholm nzima, nadhani alikuwa mtu pekee asiyehitaji kuelezwa kosa langu lilikuwa wapi.

"Nnyabo," akasema, hilo ni neno lao la heshima kwa mwanamke, na huniita hivyo akinihurumia, "hata mimi ningesema hivyo tu. Hata ningemwuliza mama yake hajambo."

Kisha kicheko kikamwisha. Akachukua penseli ya kuandikia zamu, akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya sabuni, mwalimu kabisa, mistari imenyooka. Ada ya chama, mkopo, mshahara wake, pesa yangu ya uzazi. Alizungushia jibu duara.

"Haiingii," akasema. "Tuuze sasa, kabla benki iuze."

"Halafu?"

Alirudia kukunja shuka, akaikunja ndogo sana, ndogo kuliko inavyokunjwa.

Nikamwomba kitu kimoja, twende benki kwanza, kwa sababu mkopo una sahihi zetu wawili na mimi peke yangu nisingesikilizwa. Akasema benki iko na mlango, tutagonga. Siku mbili nilijifundisha mbele ya kioo cha bafuni. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitaanza na shida. Nilijisikia kama mtu anayejizoeza kutembea mtaani bila nguo, lakini nilijizoeza.

Mama wa benki alikuwa mtu mzima, miwani imeninginia kifuani kwa mnyororo. Alifungua mlango, akanyoosha mkono, na kabla hajatamka salamu nikamwambia, "Nina mimba ya miezi sita, kazi yangu inakwisha mwezi wa saba, hatuwezi kulipa, tusaidie."

Mkono wake ukabaki hewani. "Vua koti kwanza, mpenzi," akasema. "Kaa."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe na wao wana mpaka wao, na mimi nilikuwa nimeuruka kwa upande wa pili. Lakini alisikiliza. Alipekua faili letu, akapiga hesabu yake, ikatoka sawasawa na ile ya karatasi ya sabuni, nikaona mume wangu amejivuna kidogo. Akasema kuna njia: mwaka mmoja tulipe riba tu, deni lenyewe lisimame, na mtoto akikua nitafute kazi. Wakubwa wake ndio wataamua, ila yeye ndiye atakayeandika pendekezo.

Halafu akamgeukia mume wangu. "Kuna jambo watakaloniuliza, kwa hiyo lazima nikuulize. Ulikuja hapa kama mkimbizi. Nasoma magazetini kwamba wengi wenu mnarudi. Je, wewe unafikiria kurudi?"

Sikuwa nimelitegemea swali hilo. Nilijua majibu yake yote kuhusu kurudi. Nimeyasikia kwa miaka, yana mlango wa mbele na wa nyuma. Atasema Mungu akipenda, atasema tutaona, atasema mambo ya kule bado. Nilimtazama mikono. Alikuwa ameiweka juu ya meza, viganja chini, kama anaizuia isipae.

"Hapana," akasema. "Tunakaa hapa."

Mama wa benki akavaa miwani akaandika. Baada ya wiki mbili ikaja barua. Wamekubali.

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi. Niliruka jikoni na tumbo langu mpaka wa chini wakagonga dari. Lakini kila nikimwangalia mume wangu nilichanganyikiwa upya. Hakununa. Alirekebisha bomba lililokuwa linadondosha. Alikwenda chama cha wakazi akajiandikisha zamu ya kufyeka majani. Nilimwuliza, "Ulisema kweli, au ulisema kwa ajili ya benki?" Akasema, "Kwani kuna tofauti? Karatasi ni moja." Nikamwambia ipo. Akasema basi nimwonyeshe, na sikuweza.

Jumapili moja, jua limeingia mpaka kwenye zulia, nikamkuta meza ya jikoni anaandika barua. Ilikuwa kwa Kiganda, ambacho sikisomi. Niliona jina la mdogo wake juu, na chini kidogo neno *kibanja*, limepigiwa mstari.

"Unamwambia nini?" nikauliza.

Hakuficha. Alinisomea kwa Kiswahili, polepole, kidole kikifuata mistari, kama anavyowasomea wazee wake wa kazini magazeti. Kwamba kiwanja alichoachiwa na baba yao, kile ambacho mdogo wake amekuwa akikilinda bila kukigusa miaka yote hii, sasa ajenge. Ajenge yake. Asiache nafasi ya mtu.

"Ndiyo hivyo tu," akasema. "Zingine ni salamu."

Nilitaka kumwambia asiitume. Nilitaka kumwambia tutauza, tutakwenda, nitajifunza nazi inauzwa wapi. Maneno yote nilikuwa nayo, na safari hii hakuna aliyenikatiza. Yeye alikunja karatasi, akaitia bahasha, akailamba, akanitazama, akangoja.

Nikafungua droo, nikamtafutia stempu.